Matundu Kumi na Manne ya Mukabera

Mukabera alikasirika Jumatatu saa mbili asubuhi, na hasira yenyewe haikuwa ile ya kupiga kelele ikaisha kama povu la sabuni. Ilikuwa hasira ya kukaa. Alilala nayo, akaamka nayo, akaenda nayo kisimani, na Alhamisi ilipofika ilikuwa bado ya moto kiasi kwamba majirani walimsalimia kwa mbali.

Huyo Mukabera ni nani? Kama umewahi kupanda pikipiki kutoka Kamembe kwenda Gashonga, umekwisha kumwona, ila hukumtazama. Watu hawawatazami kantonye. Kantonye ni wale wenye jile, vizibao vya rangi ya chungwa, wanaofagia barabara, wanaozibua mitaro na kufyeka majani kandokando, kila mmoja na kipande chake. Kipande cha Mukabera kinaanzia kwenye daraja dogo la mawe na kuishia penye kona ya mikaratusi, kilomita moja na ushee. Alikuwa amekifagia kwa miaka kumi na mmoja. Anakijua kama mtu anavyojua kinywa chake: jino lipi limetoboka, lipi linatikisika.

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa wazazi wakimbizi, akakulia mtaa wa Kadutu akiuza maandazi mlangoni mwa shule ambayo yeye mwenyewe aliiacha darasa la tano. Alivuka daraja la Rusizi akiwa na miaka ishirini, godoro kichwani, akirudi katika nchi ambayo hakuwahi kukaa hata siku moja. Wenyeji walicheka Kinyarwanda chake. Mpaka leo, akikasirika, Kinyarwanda kinamkimbia chote, kinabaki Kiswahili cha Bukavu peke yake, ambacho huku mpakani wengi wanakijua. Wiki ile hakusema neno moja la Kinyarwanda.

Katikati ya kipande chake kuna ukuta wa udongo. Zamani barabara ilipochongwa, kilima kilikatwa, na upande mmoja ukabaki umesimama wima kama sabuni iliyokatwa kwa uzi, mwekundu, urefu wa watu wawili mmoja juu ya bega la mwingine. Mukabera aliufyeka kila mwezi mpaka ukabaki uchi. Ilikuwa kazi tu, ameambiwa afyeke, akafyeka. Mwaka wa nne wakaja ndege, keremkerem.

Kwanza wawili. Kijani mgongoni, koo la njano, chini ya koo mstari mweusi kama tai ya mwalimu, na kifua rangi ya mdalasini. Walikaa kwenye waya wa umeme wakitazama ukuta kama watu wanaotaka kununua kiwanja. Halafu wakaanza kuchimba. Hebu fikiria! Ndege ambaye uzito wake haufiki hata nusu ya yai la kuku anachimba tundu linalokaribia urefu wa mkono wa mtu mzima, kwa mdomo mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Mdomo unakwaruza, miguu inasukuma udongo nyuma haraka haraka, kama mtu anayeendesha baiskeli kupanda mlima. Wiki mbili, wiki tatu. Wakigonga jiwe wanaliacha tundu hilo na kuanza jingine pembeni, bila kumlaumu mtu.

Mukabera alizoea kula mihogo yake ya mchana ameketi juu ya toroli, akiwatazama. Keremkerem huruka ghafla kutoka kwenye waya, huzunguka mara moja hewani, hurudi palepale na nyuki mdomoni. Lakini hammezi. Anambamiza kichwa kwenye waya, paf, paf, kisha anamgeuza na kumsugua mkia mpaka sumu inamwagika na mwiba unakatika. Ndipo anameza, au anampelekea mtoto. Nani aliwafundisha? Mukabera alijiuliza hivyo mara mia, hakupata jibu, na hakuchoka kujiuliza.

Na kwa nini kwake tu? Kipande kinachofuata, cha Niyonsaba, nacho kina ukuta wa udongo, ila Niyonsaba alikuwa mvivu wa kufyeka, na majani yalining'inia kutoka juu hadi chini. Majani ni ngazi ya nyoka. Keremkerem hajengi penye ngazi ya nyoka.

"Badege banakupenda we tu," Niyonsaba alimtania siku moja. "Mimi banaonaka ni mvivu."

"Banaona mbali," Mukabera alimjibu.

Sasa, kosa. Kosa hili angelifanya kantonye tu, na tena kantonye mzuri, mvivu asingelifanya.

Kila Jumatatu koperative yao hukutana. Kila mtu husimama na kutoa raporo ya kipande chake: mitaro iliyoziba, mashimo yaliyotokea, mawe yaliyoanguka. Adrien, kiongozi wao, huandika kwenye kaye, daftari lake la kazi, kisha hupiga picha ukurasa na kuutuma kwa wakubwa kwa simu. Mukabera siku zote alikuwa na sifuri. Sifuri mtaro, sifuri shimo, sifuri jiwe. Jumatatu moja ya mwezi wa pili, baada ya kusema sifuri zake tatu, kiburi kilimshika, akaongeza:

"Na ku ukuta yangu, badege sasa iko na matundu kumi na ine! Mwaka jana ilikuwa nane tu!"

Watu walicheka. Adrien naye alicheka. Lakini kalamu yake haikucheka, iliandika.

Ulimi hauna mfupa. Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, Adrien alisimama na kaye yake.

"Maman Mukabera, ile matundu yako kumi na ine tutaiziba Alhamisi. Mvua ya mwezi wa tatu haiko mbali, na bakubwa bameuliza. Tulitia saini imihigo, munajua wote." Walijua. Imihigo ni zile ahadi za kazi zinazotiwa saini na kupimwa, na ya koperative yao ilisema barabara isiwe na tundu hata moja mwezi ukiisha. "Na tena Mzee Twagirayezu amelalamika. Badege inamumalizia nyuki."

"Iko batoto ndani," Mukabera alisema.

"Batoto ya nani?"

"Ya badege, Adrien! Ya nani tena?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama wana kadi za chanjo.

Mukabera hakucheka. Alieleza, taratibu, kama anayehesabia mtoto vidole. Matundu kumi na manne, ndiyo. Lakini tisa ni matupu: mengine ya mwaka jana, mengine yaligonga jiwe yakaachwa. Matano tu ndiyo yenye watoto. Alijuaje? Kila asubuhi huweka jani jembamba la nyasi kwenye mlango wa kila tundu. Mchana akikuta jani limeanguka, kuna anayeingia na kutoka. Tena tundu lenye watoto linanuka kama zizi la mbuzi, na chini yake ukuta una mistari myeupe ya mavi.

"Zibeni ile tisa hata leo. Bulongo nitabeba mimi mwenyewe. Ile tano mungojee wiki tatu tu, batoto baruke. Kisha mutazibe na saruji, na chuma, na kila kintu munataka."

"Raporo inasema kumi na ine," Adrien alisema. "Inataka foto kumi na ine. Mbele ya kuziba na nyuma ya kuziba."

"Basi futa."

"Raporo ikishaenda, hairudiake, Maman."

Hapo ndipo hasira ilipomwingia. Angekuwa na Adrien peke yake wa kumkasirikia, ingekuwa nafuu. Lakini nani aliyehesabu yale matundu? Nani aliyesimama mbele ya watu kujigamba? Angekuwa kama Niyonsaba, ambaye raporo yake kila wiki ni "yote iko bien, chef", ukuta ungekaa salama hadi mwisho wa dunia.

Jumanne alipanda kilimani kwa Twagirayezu.

Mzee huyu naye alikulia Congo, upande wa Uvira, na ana sauti laini ya mtu aliyezoea kuongea karibu na nyuki. Mizinga yake minane ya mbao ilipangwa juu ya barabara, na pembeni yake shamba la nyanya na maharage, maharage yakiwa kwenye maua. Alimkaribisha kwenye kigoda. Alimletea asali kwenye kijiko. Mukabera aliikataa.

"Papa, minakuomba wiki tatu."

"Maman, we unapenda badege, mimi minapenda asali. Asali inalipiaka batoto yangu shule. Badege inakulipiaka nini?"

"Haiko kintu ya kulipa. Iko batoto ndani, banapumua."

"Na nyuki yangu haipumue?" Alionyesha mizinga mitatu ya mwisho. Ilikuwa kimya, vifuniko vimeinuliwa, ndani hakuna mwendo. "Tatu imekufa mu mwezi moja. We uko unakaa pale chini na mihogo yako, unaangalia ile badege inakula nyuki yangu, unafurahi kama muntu iko ku sinema. Nyuki haina maman wa kuitetea. Basi naitetea mimi."

Mukabera aliinuka kwenye kigoda. Ni kweli, keremkerem wanakula nyuki. Yeye mwenyewe huwatazama kila mchana. Alishuka kilima akiwa na hasira mpya juu ya ile ya zamani, hasira ya mtu anayejua ana haki lakini mkononi hana cha kuonyesha.

Jumatano, kama saa saba mchana, alikuwa akifagia sehemu iliyo chini ya shamba la Twagirayezu. Fagio lilisukuma nyuki waliokufa. Si mmoja, si wawili, rundo. Alikuwa akiwafagia tangu mwezi wa kwanza na kuwatupa mtaroni pamoja na majani makavu na vizibo vya chupa, bila kufikiri lolote. Uchafu ni uchafu. Siku hiyo alisimama.

Aliinama. Wengine walikuwa bado hai, wanazunguka palepale kwenye lami kama walevi, mabawa yanatetemeka. Na wote, wazima na wafu, walikuwa wametoa ulimi. Ulimi mrefu, mwembamba, umening'inia nje.

Ndege gani huyo anayeua nyuki na kumwacha barabarani mzimamzima, na kichwa chake, na mwiba wake? Keremkerem hukamata kinachoruka. Kilichoanguka chini hakitazami. Miaka saba Mukabera amewaangalia, na hata mara moja hajamwona keremkerem akiokota kitu barabarani.

Halafu akasikia, juu kilimani, fsss, fsss, fsss. Akatembea nyuma hadi ng'ambo ya barabara ili aone vizuri. Twagirayezu alikuwa katikati ya maharage yake, pampu mgongoni, ananyunyiza dawa ya wadudu. Saa saba mchana, jua kali, maua yamefunguka, na nyuki wake mwenyewe wamejaa humo kama watu sokoni.

Mukabera alikwenda kuchukua karai.

Alifagia polepole, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akifagia ili kutunza, si ili kutupa. Karai lilipata nyuki hadi robo. Alifunika kwa kitambaa chake cha kichwani, akampigia Adrien simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tano simu ilikuwa imezimwa.

Kazi ilikuwa imepangwa Alhamisi saa mbili. Mukabera alitoka nyumbani mapema, karai kichwani, na saa moja na nusu alikuwa amefika kwenye daraja la mawe. Na tangu darajani alisikia nyundo.

Walikuwa wameanza saa kumi na mbili.

Adrien alikuwa pale na simu yake ya foto. Wanaume watatu wa koperative walikuwa pale na ngazi. Na Twagirayezu alikuwa pale, na toroli lililojaa mawe na udongo uliokorogwa. Matundu sita yalikuwa yamekwisha kuzibwa, na kati ya yale sita, mawili yalikuwa ya watoto. Hakuhitaji kuhesabu. Ndege wenyewe walimwonyesha. Keremkerem wanne walikuwa wakirukaruka mbele ya ukuta, nyuki mdomoni, wakijaribu kutua mahali ambapo jana palikuwa na mlango. Mmoja aling'ang'ania udongo mbichi kwa kucha, akaugonga kwa mdomo, akaanguka, akarudi, akaugonga tena.

"Adriiiien!"

Motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyekuwa akipita, alisema baadaye kwamba alidhani mtu amegongwa na gari.

Mukabera aliweka karai chini, akampita Adrien kama mtu anavyopita nguzo, akapanda ngazi ambayo mwanaume mmoja alikuwa bado hajashuka vizuri. Alichimba kwa vidole. Tundu la kwanza udongo wake ulikuwa bado majimaji. Ulitoka kwa makonzi matatu, jiwe likafuata, likaanguka mtaroni. Alitega sikio. Ndani kulikuwa na sauti ndogo, kama mafuta yanapoanza kuchemka kwenye kikaango. Walikuwa hai.

Tundu la pili lilipigiliwa jiwe kwa nyundo. Alilitikisa, akalivuta, akalitikisa tena mpaka ukucha ukapasuka. Jiwe lilipotoka, dari ya tundu ikashuka yote. Aliingiza mkono hadi begani. Akatoa udongo. Akaingiza tena. Akatoa udongo. Udongo, udongo, udongo tu, na harufu ya zizi la mbuzi.

Chini watu walikuwa wameanza kujaa: motari wawili, wanawake wenye ndizi waliokuwa wakielekea Kamembe, watoto wa shule na mifuko yao mgongoni.

"Muangalie," Twagirayezu aliwaambia, na ile sauti yake laini ikapanda kidogo. "Muntu muzima analilia kadege! Maman, bantu ya nyumbani kwako banakula?"

Mukabera alishuka ngazi. Alikuwa mwekundu wa udongo hadi shingoni. Hakulia, kama kulikuwa na machozi yalikwisha kukaushwa na moto uliokuwa ndani. Alichukua karai, akaliweka juu ya toroli la Twagirayezu, juu ya mawe yake, akavuta kitambaa.

"Papa. Hesabu bantu yako."

Twagirayezu alitazama. Watu wakasogea.

"Nilibafagia jana, pale chini ya maharage yako. Kama ni badege ilibakula, juu ya nini bako hapa? Badege inakulaka kintu halafu inakirudisha barabarani? Angalia ulimi. Bote bametoa ulimi. Ulikuwa na pampu ku mugongo saa saba mchana, nilikuona na hii macho yangu!"

"Ile ni dawa ya maharage," Twagirayezu alisema. "Haiko ya nyuki."

Mwanamke mmoja mwenye ndizi, bila kutua mzigo wake, akasema: "Eh, Mungu wangu. Na uliandikia dawa barua, uliiambia isiguse nyuki?"

Kicheko kilipasuka, na safari hii hakikuwa cha kumcheka Mukabera. Twagirayezu alichukua nyuki mmoja, akamweka kwenye kiganja, akamgeuza kwa kidole. Mwisho alishika mikono ya toroli lake na kuanza kulisukuma kupanda kilima, na mawe yake, na karai la Mukabera juu yake, na hakumtazama mtu.

Je, yakaishia hapo? Hapana. Ukimwondoa mwenye nyuki, bado kuna raporo.

"Ya Mzee Twagirayezu imeisha, sawa," Adrien alisema. "Lakini mimi ningali nadaiwa foto kumi na ine. Nina tano tu, ile moja umeifungua. Mushike ngazi."

"Una tano?" Mukabera alimgeukia. "Moja kati ya ile tano iko kaburi. Uliipiga vizuri? Iko na mwangaza?"

"Maman, usinitukane mbele ya bantu."

"Sijaanza."

Akaenda ukutani. Matundu manne yenye watoto yalikuwa karibu karibu, usawa wa kichwa na kupanda kidogo. Akaegemeza mgongo wake katikati ya hayo manne, akatandaza mikono, vidole vyenye damu vikaufunika udongo.

"Piga foto. Andika ku raporo: hapa iko matundu ine na Mukabera moja. Anza kumuziba yeye."

Adrien aliwaambia wale wanaume watatu wamtoe. Wanaume walitazamana. Mmoja alikumbuka kwamba amesahau kufunga kiatu. Ndipo Niyonsaba, aliyekuwa amefika kimya kimya na fagio lake ambalo halikuonekana kuchoka, akatoka kwenye umati, akaenda kuketi miguuni pa Mukabera, mgongo kwenye ukuta.

"Na we unafanya nini?" Adrien alimfokea.

"Ninakaa tu, chef. Njo kazi unasemaka ninaijua."

Motari walikuwa wameongezeka, nao walikuwa wametoa simu zao. Adrien aliziona, moja, mbili, nne, zote zinamtazama usoni. Na mtu ambaye kazi yake ni kutuma picha kwa wakubwa anajua vizuri kuliko wote picha inaweza kufika wapi. Alifunga kaye.

"Wiki tatu," alisema. "Ile ine tu. Na we, Maman, hii kipande si yako tena. Jumatatu unaanza upande wa Nkanka. Muntu wa kichwa nguvu siwezi kumuacha penye raporo."

Miaka kumi na mmoja. Ilifutwa kwa muda wa kuvuta pumzi. Mukabera alitaka kumwambia kwamba hakuna jiwe kwenye kilomita ile asilolijua, kwamba mtaro wa kona ya mikaratusi aliuzibua akiwa na homa, akiwa amefiwa, sikukuu na siku za kawaida. Alisema tu:

"Andika ile nayo. Na jina yangu uiandike vizuri, Mukabera. Si 'kantonye moja'."

Alibaki pale ukutani mpaka jioni, ingawa kila mtu alikuwa amekwisha kuondoka, kwa sababu hakuamini neno la mtu. Ndege wa yale matundu manne walimwogopa kwa saa nzima, halafu njaa ya watoto ikawa kubwa kuliko woga, wakaanza kupita karibu na sikio lake wakiingia na kutoka. Wale wawili wa tundu lililoporomoka nao walikuja. Walikuja na nyuki, na vipepeo, na kereng'ende mmoja mkubwa. Walisimama kwenye waya wakingoja mlango ufunguke.

Jumapili kanisani, padri alipowaambia waumini wapeane amani, Twagirayezu alitoka kwenye benchi lake la wanaume, akavuka njia ya katikati watu wote wakimwona, akamnyooshea Mukabera mkono. Wengine husema hapo ndipo angepaswa kulegea. Mzee alikuja mwenyewe.

"Maman," alinong'ona, "sasa ninanyunyizaka jioni, nyuki ikisharudi nyumbani."

"Ni vizuri," Mukabera alisema. "Endelea."

Na mikono yake miwili aliiacha ndani ya kitenge. Amani haikutoka, na yeye hakuwa mtu wa kutoa asichokuwa nacho, hasa mbele ya altare.

Huko Nkanka alipewa kipande cha kuteremka ziwani, kizuri kwa wanaopenda kutazama maji. Yeye hakuyatazama. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, mtaro ulijaa chupa, na kantonye aliyekuwapo kabla yake ilionekana alikuwa wa ukoo wa Niyonsaba. Alifyeka wiki ya kwanza, akafyeka ya pili. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, simu ililia.

"Maman Mukabera!" Ilikuwa sauti ya Niyonsaba, ambaye ndiye alipewa ule ukuta. "Bametoka! Bako ku waya, bamejipanga kama batoto ya komunyo. Nimehesabu kumi na moja. Moja haijui kusimama, iko inaangukaangukia mwenzake, ungecheka. Adrien amekuja na saruji yake, nimemuambia angojee basafiri vizuri, amekaa ku pikipiki yake anangojea. Unasikia? Adrien anangojea!"

Mukabera alisikia. Nyuma ya sauti ya Niyonsaba alisikia pia wao wenyewe, sauti zao nyembamba zinazobingirika, nyingi kwa pamoja. Akashika panga mkono wa kushoto ili asikilize vizuri.

"Na ile ya tano?"

Niyonsaba alianza tena habari ya yule asiyejua kusimama.

"Niyonsaba. Ile baba na mama."

"Balikujaka mpaka juzi," Niyonsaba alisema. "Kila siku na chakula. Jana sikubaona tena."

Mukabera hakusema kwaheri. Alikata simu, akaitia mfukoni mwa jile, akakunja mikono ya shati. Kisha akayaingilia majani ya Nkanka kwa nguvu kiasi kwamba motari aliyekuwa akipanda kutoka ziwani alipunguza mwendo, akahamia upande wa pili wa barabara, na abiria wake akamwuliza yule mama amekosewa nini.